Nyama ya Moto wa Juu

Mwajuma alinipigia simu nikiwa kwenye foleni ya benki hapa Morogoro, akaniambia Bi Somoe ametutoka. Hakulia. Alisema mama alikuwa amekunywa uji, akaomba ageuzwe atazame dirishani, na walipomaliza kumgeuza alikuwa ameshakwenda. Nikasema maneno yanayosemwa. Kisha akaongeza: "Dada Rehema, siku ya arobaini tunataka kupika ile nyama yake ya moto wa juu, na hapa kila mtu anakumbuka lake. Mmoja anasema saa tatu, mwingine saa sita. Wewe ndiye uliyekuwa unaandika." Nilitoka kwenye foleni bila kutoa fedha. Ni kweli nilikuwa naandika. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, mkaguzi wa nyama niliyeajiriwa juzi, mpangaji katika nyumba yake Mikindani, na nilikuwa na daftari ambamo niliingiza kila kitu: uzito wa ng'ombe, rangi ya maini, watu walisema nini na nani alijibu. Nililikuta kabatini chini ya vyeti vya watoto. Kurasa zilikuwa zimeshikana, na zilipoachana zilitoa harufu ambayo huenda niliitia mwenyewe kichwani, ya samli na moshi.

Nilikotoka na walionilea si habari ya sura hii. Inatosha kusema nilishuka Mtwara na sanduku moja, nikaambiwa nyumba za watumishi zimejaa, na karani mmoja akanielekeza Mikindani kwa mjane aliyekuwa na chumba. Kilikuwa chumba cha ghorofani katika nyumba ya mawe, kuta nene kiasi kwamba kwenye kina cha dirisha niliweza kukaa nikakunja miguu. Chokaa ilikuwa ikipukutika juu ya kitanda, na kila asubuhi nilikung'uta shuka kabla ya kulitandika. Dirisha lilitazama uani, na uani ndiko kulikokuwa na jiko, kwa hiyo kabla sijazijua sura za watu wa nyumba ile nilizijua sauti zao. Nilimsikia Bi Somoe akigombana na kuku. Nilimsikia Mwajuma, binti wa dada yake, mwaka mmoja nyuma yangu kwa umri, akiimba huku akisugua masufuria. Na Ijumaa ya kwanza nilimsikia jirani akiuliza juu ya ukuta, "Somoe, mpangaji wako huyo, kazi yake nini hasa?" Bi Somoe akajibu, "Anatia muhuri ng'ombe." "Ng'ombe wanakwenda wapi hata wapigwe muhuri?" "Wanakwenda tumboni kwako, mama. Pasi yao hiyo."

Machinjio yalikuwa nje ya mji, banda la saruji lenye paa la bati na mfereji katikati. Nilifika hapo alfajiri kwa baiskeli, kofia nyeupe kichwani, buti za mpira zilizonizidi saizi mbili. Wachinjaji hawakuwa wamewahi kukaguliwa na mwanamke, na walinipa jina siku ile ile: Bibi Afya. Mzee Bakari, aliyekuwa mkubwa wao na mwenye mdomo kuliko wote, alinipokea kwa sauti ya kusikika barabarani. "Jamani fungeni vifungo, Bibi Afya kaja kukagua!" Wakacheka. "Bibi Afya, hebu nipime na mimi, usije ukakuta nina tegu tumboni." Nilikuwa na kisu mkononi. "Tunaanza na mashavu, mzee," nikamwambia. "Mikato miwili kila upande." Kijana mmoja mrefu aliyekuwa akichuna ngozi kwenye kona akacheka peke yake, kicheko cha kutoka tumboni, hadi Mzee Bakari mwenyewe akacheka. Kijana yule alikuwa Issa, mwenye bucha Magomeni ya hapo hapo Mtwara. Ilinichukua wiki nzima kujua kwamba alikuwa mtoto wa mwenye nyumba wangu, maana alilala chumba cha nyuma ya bucha na nyumbani alikuja Ijumaa tu.

Mshahara wangu wa kwanza ulipotoka nilitaka kumpa Bi Somoe zawadi. Nilijua ng'ombe kwa michoro ya chuoni, na chuoni tulifundishwa kwamba kipande cha juu kuliko vyote ni sarara, ile nyama laini iliyojificha chini ya uti wa mgongo. Nikanunua sarara nzima, nikaifunga kwenye gazeti, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Aliifungua, akaibonyeza kwa kidole gumba. "Umenunua wewe?" "Ndiyo, mama." "Kwa ajili ya nini?" "Kwa ajili ya ile nyama yako ya Ijumaa, ya kukaa motoni." Alinitazama kwa huruma ambayo siwezi kuisahau. Ijumaa aliipika vile vile kama nilivyotaka, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na tulipoifunua ilikuwa imesinyaa, rangi ya kijivu, ikisagika mdomoni kama nyuzi za gunia. Tulikula wote. Issa alimaliza sahani yake, akaomba maji, akaomba tena maji. Sinia lilipoondolewa ndipo Bi Somoe akasema, "Mwanangu, sarara imelala chini ya mgongo maisha yake yote. Haijabeba kitu. Hiyo unaipitisha motoni unaiondoa. Ukiiweka kutwa unaiua mara ya pili." Nilikwenda juu nikaandika maneno hayo kabla hayajapoa.

Kuanzia siku hiyo alinifundisha, na ninayaandika hapa kwa mpangilio wake, si wangu. Watu wengi wa kwetu tukienda bucha tunasema kilo moja ya steki au kilo moja ya mchanganyiko, na muuzaji anashusha shoka popote linapoangukia. Bi Somoe alikuwa akimgawa ng'ombe kwa kazi aliyoifanya. Shingo hubeba kichwa kutwa. Bega hubeba mwili. Kidari hubanwa na ardhi kila ng'ombe anapolala. Hizo ndizo za moto mdogo, alisema, kwa sababu zimejaa kano, na kano zikipewa muda huyeyuka zikawa mchuzi. Kidari unakitambua kwa ubapa wake na matabaka ya mafuta. Bega lina mshipa mweupe unaopita katikati kama mshono wa kanzu. Paja ndilo alilolichukia. "Hilo linakudanganya macho," alikuwa akisema. "Jekundu, safi, halina mfupa, kila mtu analitamani. Ndani halina hata tone la mafuta. Ukilikalisha motoni linabaki kiini tu, pembeni kote ni ngozi ya kiatu." Aliwadharau pia waliolainisha nyama kwa papai bichi. Huyo, alisema, ni mtu aliyemnunua ng'ombe bila kumwuliza habari zake.

Upishi wenyewe ulianza nyama ilipofika Ijumaa asubuhi, kwa chumvi ya mawe, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga, vyote vikisuguliwa kwenye nyama mpaka mikono iwake. Kisha mifupa ya mbavu ilipangwa chini ya sufuria zito la chuma ili nyama isiguse kitako. Juu ya nyama vikalazwa vipande vyembamba vya nundu, ambavyo vikiyeyuka hudondoka chini na kuilowesha. Maji hayakutiwa kabisa. Mfuniko ulizibwa pembezoni kwa unga wa muhogo uliokandwa, kisha makaa matatu manne chini, na juu ya mfuniko makaa tele, mekundu, kama taji. Basi. Kilichobaki kilikuwa kukaa. Bi Somoe alikaa kwenye kibao, akichambua mchele au akisuka ukili, na akijua kwa pua tu lini aongeze makaa. Mimi nilikaa na saa ya mkononi. "Unaitazama saa ya nini?" alikuwa akiniuliza. "Saa imewahi kula nyama?" Siku aliponiachia moto kwa mara ya kwanza, akaenda msibani, makaa yaliniishia, nikaona gunia la maganda ya korosho chini ya ngazi nikaona nimepata. Watu wa Mtwara wanaosoma hapa wameshacheka. Yale maganda yana mafuta makali. Moshi wake uliniingia machoni kama pilipili, nikatoka nje nikilia, na Mwajuma akanifuata akilia, na jirani juu ya ukuta akauliza nani tena amefariki. Bi Somoe aliporudi alitukuta tumekaa barazani tumefumba macho kama vipofu wawili. Alicheka akashindwa kuvua buibui. Nadhani ndiyo siku aliyoanza kunipenda.

Issa aliingia maishani mwangu polepole. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mizuri. Wachinjaji wengine walikatakata. Yeye alifuata mstari ambapo msuli mmoja unaishia na mwingine unaanza, akitumia ncha ya kisu, na vipande vikaachana vyenyewe. Niligundua kwamba alinisubiri. Ijumaa, kazi ikiisha, alikuwa akipata tatizo la mnyororo wa baiskeli hadi nikusanye vifaa vyangu, kisha tunaendesha kurudi Mikindani, yeye mbele, mimi nyuma hatua za heshima, kapu la nyama kwenye keria ya baiskeli yake. Tulizungumza kwa kupaza sauti, kwa hiyo hatukuweza kuzungumza la siri. "Bibi Afya!" "Naam!" "Leo bega au kidari?" "Bega!" "La kushoto au la kulia?" "Kuna tofauti?" "La kushoto ng'ombe analilalia!" Sijui hadi leo kama ni kweli. Tulipofika pale barabara inaposhuka na bahari ikaonekana yote kwa pamoja, alikuwa akiacha kukanyaga pedali, na mimi naacha, na tunateremka kimya. Nimeendesha magari yangu mwenyewe katika barabara nyingi tangu wakati huo. Nikiulizwa ni wapi nilikuwa na furaha isiyohitaji maelezo, nitataja mteremko ule.

Mwezi wa tisa au wa kumi tangu nifike, Bi Somoe aliniita jikoni, akaniuliza bila kunitazama, huku akipepeta mchele, "Mtu akikuhitaji, wazazi wako wanapatikana?" Nikasema wanapatikana. "Haya." Akapepeta tena. "Kaka yangu atakuja kutoka Mahurunga Ijumaa ya wiki ijayo. Anataka kula nyama." Nilikuwa nimekaa nao muda wa kutosha kuelewa. Katika ukoo wao neno la mwisho ni la mjomba. Baba akiwepo au asiwepo, mjomba asipomwona msichana hakuna mshenga anayenyanyuka. Mzee Nassoro, huyo kaka yake, alikuwa anakuja kuniona. Akiridhika, baada ya mavuno ya korosho wangetumwa watu kwa wazazi wangu. Na hadi hapo, kwa desturi yao, mimi nisingeambiwa lolote. Asiporidhika vile vile nisingeambiwa. Nilipanda juu nikaketi katika kina cha dirisha. Nilitaka kubaki katika nyumba ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na nilimtaka Issa, na sikuweza tena kuyatenganisha hayo mawili.

Issa alinunua ng'ombe mzuri kwa ajili ya siku hiyo, dume jeupe lenye nundu iliyolala upande. Bega la kushoto lingekwenda nyumbani; nyama zilizobaki zingeuzwa bucha. Ijumaa alfajiri alimchinja yeye mwenyewe, na wenzake walijua kwa nini, kwa hiyo Mzee Bakari alikuwa kazini. "Leo Bibi Afya atie muhuri wa moyo!" Nami nilikuwa nacheka nilipokata shavu la kwanza. Ukaguzi una mpangilio wake nao hauangalii uso wa mtu: mashavu, ulimi, moyo, kisha mkato wa kina kwenye bega, juu ya kiwiko. Katika shavu niliona kifuko kimoja cheupe, kama punje ya mchele uliolowa. Katika shavu la pili vitatu. Moyo niliufungua na sikuhitaji kuhesabu. Nilipokata bega, vilikuwamo na humo. Tegu wa ng'ombe huanza hivyo. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, mnyoo unakua tumboni mwake. Na kiasi kile hakikuwa cha kukata sehemu na kuachia nyingine. Nikanyoosha mgongo, nikasema, "Huyu hatoki." Kicheko kikakatika.

Issa alikuja karibu, akazungumza kwa sauti ya chini, lakini banda lote lilikuwa kimya na kila mtu alisikia. "Rehema." Hakuwahi kuniita kwa jina mbele ya watu. "Bega litakaa motoni mpaka adhuhuri. Wewe unajua kuliko mimi, hakuna kitakachobaki hai." Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonitesa. "Na zilizobaki?" nikamwuliza. "Zitakazokwenda kwenye mishikaki, mtu anaigeuza mara mbili anakula?" "Hizo zizike. Nipe bega tu. La mama." Nilimtazama. Ningempa bega, na kesho Mzee Bakari angeniomba ini, na keshokutwa kisu changu kingekuwa cha maonyesho. Lakini sitaki kujifanya kwamba nilifikiri hayo yote. Nilisema tu, "Siwezi, Issa." Akaitikia kwa kichwa. Kisha akachukua jembe. Shimo alilichimba yeye, alikataa msaada, na yeye ndiye aliyemimina mafuta ya taa juu ya nyama, asije mtu akaifukua. Alipomaliza alipanda baiskeli akaondoka bila kutazama nyuma, na mnyororo wake siku hiyo haukuwa na tatizo. Mimi nilikagua ng'ombe wawili waliobaki. Nilikagua vizuri.

Nilifika nyumbani saa nne. Sufuria lilikuwa tayari motoni, makaa juu, unga wa muhogo pembezoni. Issa alikuwa amepita mabucha ya mjini akapata nyama kwingine. Sikuulizwa chochote. Mzee Nassoro alifika, mtu mwembamba mwenye koti la kijivu, nikapiga goti nikamsalimu shikamoo, akaniuliza kazi yangu inaendeleaje, nikasema salama. Akasema, "Nimesikia habari za leo." Nikainamisha kichwa. Hayo tu. Sasa lazima nieleze jinsi nyama ile ilivyogawanywa katika nyumba ile. Katikati ya kipande, palipo laini na penye rangi moja, walipewa wageni. Pembeni, palipogusa chuma, palipokauka na kushika chumvi na viungo, palikuwa pa wenyewe, na wenyewe walipagombania kwa vidole. Miezi mitatu ya mwanzo nilipewa katikati. Halafu Ijumaa moja, bila maneno, Bi Somoe alinisogezea ukingo, nikaelewa, nikala huku nikiogopa kuinua macho, machozi yasije yakaonekana. Kuanzia hapo nilikuwa nikila pembeni. Siku ile wanaume walikula ukumbini. Mimi nilitandikiwa mkeka uani, na Bi Somoe akaniletea sahani kwa mkono wake. Ilikuwa katikati tupu, kipande kikubwa, kimekatwa vizuri. "Kula, mwanangu," akasema. "Mimi na Mwajuma tutakula jikoni." Akaingia ndani, akarudisha mlango.

Nilikula peke yangu, yote, kwa sababu kubakisha kungekuwa tusi. Nilisikia wakinong'ona nyuma ya mlango, nikasikia sauti ya Issa ukumbini, ya chini, na ya mjomba ikijibu. Nilikuwa mtu wa kuuliza. Nilikuwa nimeuliza katika nyumba ile kila swali lililowezekana, kuanzia kwa nini chumvi ya mawe hadi kwa nini kuku mwekundu hatagi. Siku ile sikuuliza. Jumatatu niliandika barua ya kuomba uhamisho. Ijumaa tatu zilizofuata nilisema nina kazi, na Issa naye hakuja. Jibu lilitoka haraka kuliko kawaida, nikapangiwa Morogoro. Bi Somoe alinifungia samli kwenye chupa na akaniombea dua mlangoni, mkono wake kichwani mwangu, kwa muda mrefu. Hakuniuliza kitu. Nilichukulia kwamba hakuwa na la kuuliza.

Nikaolewa huku, nikazaa, nikazika mume mwema, nikastaafu. Nimepika nyama ya moto wa juu mara nyingi. Watoto wangu wanaiita nyama ya Mtwara. Wauza nyama wa hapa wamezoea kunisikia nikisema hapana, si hiyo, nipe iliyo karibu na mfupa wa bega, na wananitania kwamba mama huyu anamnunua ng'ombe kwa mahojiano. Inaiva vizuri. Wageni hunisifu. Na kila mara, ninapokaa peke yangu jikoni kusubiri makaa, ninasikiliza uani, ingawa nyumba yangu haina uani.

Nilifika Mikindani siku mbili kabla ya arobaini. Nyumba ilikuwa imepigwa chokaa upya na chumba changu cha ghorofani kilikuwa stoo ya magunia. Mwajuma, bibi sasa, mnene, miwani imening'inia shingoni, alinikumbatia akanipeleka moja kwa moja jikoni, ambako mabega manne yalikuwa yakinisubiri kwenye beseni. Tulisugua chumvi pamoja jioni. Asubuhi ya arobaini, masufuria yakiwa motoni na sisi tumekaa kwenye vibao, alianza kucheka. "Unakumbuka ile nyama ya mjomba?" Nikasema ninaikumbuka. "Lile paja! Issa alizunguka mabucha yote, saa ile mabega yameshauzwa, akapata paja. Mama alilia. Alisema mgeni wa maana namna ile namlisha paja. Alipofunua, pembeni kote huwezi kutia jino. Kiini ndicho kilichopona, akakigawa kwa mjomba na kwako. 'Huyu mtoto kafanya kazi yake vizuri,' akasema, 'asije akala ngozi ya kiatu.' Mimi na yeye tulijifungia jikoni tukaitafuna ile ngozi, taya zinatuuma, tunanong'ona usije ukatusikia." Alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Na mjomba alivyokupenda! Alisema mwanamke aliyemzika ng'ombe wa mchumba wake ndiye wa kukaa na funguo za bucha. Washenga walikuwa watoke baada ya korosho." Kisha akaacha kucheka, akachukua koleo, akapanga kaa moja ambalo halikuhitaji kupangwa. "Ulipoomba uhamisho mama alisema basi, amekataa. Msichana ameshaonwa na mjomba, anaomba kuondoka, jibu gani tena unalitafuta?"

Nilikuwa ninaikumbuka sahani ile, nyuzi ndefu, kavu kidogo hata katikati, bila mshipa wa kati, bila mafuta. Mdomo wangu ulikuwa na ushahidi wote. Nilimjua ng'ombe kipande kwa kipande, nilipigia muhuri mamia, na siku ile nilikula paja lote hadi mwisho nikidhani ninakula hukumu.

Baada ya hitima, watu walipoanza kutawanyika, Issa alikuja kuketi barazani upande wangu, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Kichwa cheupe, mgongo umeinama, mikono ile ile. Tulisalimiana asubuhi mbele ya mkewe, mama mchangamfu aliyenishika mikono yote miwili. Sasa tulitazama barabara. Alisema nyama imetoka vizuri. Nikasema bega lilikuwa zuri. Akakohoa. "Rehema, sisi ni watu wazima, sasa naweza kukuuliza. Kwa nini uliondoka?" Nikageuka. "Nimekaa nalo miaka yote hii," akasema. "Yale maneno yangu machinjioni. Kukuomba vile mbele ya watu, uuache muhuri wako kwa ajili yangu. Niliona aibu hata kuja nyumbani. Nikasema, huyu ameniona nilivyo, ndiyo maana amekwenda."

Ningeweza kumweleza. Yalikuwa yamefika mdomoni, kwa mpangilio, tangu shavu la kwanza hadi sahani. Ndani, mkewe alikuwa akiita mtu amsaidie kuinua masufuria. Nilimtazama Issa, nikaona itakuwa zamu yake kulala na jambo lile, kuanzia leo, bila cha kufanya nalo.

"Walinihamisha tu," nikamwambia. "Unajua serikali. Barua imekuja, unafunga sanduku."

"Barua tu?"

"Barua tu, Issa."

Akatoa pumzi ndefu, akapiga magoti yake kwa viganja. "Alhamdulillahi," akasema. "Kumbe barua." Akacheka, kicheko cha kutoka tumboni, akasimama wima kuliko alivyokuja, akaingia ndani kumsaidia mkewe masufuria.